UZI: Paul Keres, mwamba wa sataranji aliyekaa mlangoni mwa taji robo karne

Ngome_ya_H (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye ule ubishi wa nani mchezaji bora ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia nilimtaja Paul Keres. Wadau watatu wakanijibu kwa mkato: "Huyo Warusi walimdhulumu, inajulikana, tusonge." Mimi sikusonga. Nimekaa wiki tatu, jioni baada ya kazi, naichezesha upya michezo yake kwenye ubao wangu wa mbao ambao farasi mmoja mweusi hana masikio, na nimetoka na neno tofauti kidogo. Kwamba alibanwa, sikatai. Ila zipo siku mlango ulikuwa wazi, hakuna askari kanzu, hakuna amri kutoka juu, na mtu akaukosa kwa mkono wake mwenyewe. Nitaziweka zote mezani, za kubanwa na za kujikwaa, kila mtu ahukumu.

Kwa wageni wa mchezo: nitasema mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Kama kwenu askofu mnamwita tembo, hatutagombana. Na nikisema h3 au e5 ni jina la nyumba moja ya ubao: herufi ni safu ya kwenda juu, a hadi h, namba ni mstari, 1 hadi 8, kuanzia upande wa nyeupe.

Keres alizaliwa Narva, Estonia, tarehe 7 Januari 1916, akakulia mji mdogo wa pwani unaoitwa Pärnu. Shida yake ya kwanza ilikuwa kukosa watu wa kucheza nao. Dawa aliyoipata ni posta. Unaandika hatua yako kwenye kadi, unaituma, unasubiri siku kadhaa kadi ya mwenzako irudi. Kuna wakati alikuwa na michezo ya namna hiyo kama 150 kwa mpigo! Mimi nikiwa na makundi matano ya mtandaoni nachanganyikiwa. Posta ndiyo iliyomfunza kujaribu vitu vya kichaa mwanzoni mwa mchezo, maana ukiharibu mmoja unabaki na 149.

Akiwa na miaka 22 akaalikwa Uholanzi, Novemba 1938, kwenye mashindano yaliyodhaminiwa na shirika la redio la AVRO. Angalia orodha: Alekhine aliyekuwa bingwa wa dunia, Capablanca na Euwe waliowahi kuwa mabingwa, Botvinnik, Reshevsky, Fine, Flohr, na huyu kijana. Watu wanane tu, na kila mmoja anacheza na mwenzake mara mbili. Waandaaji walikuwa wanawazungusha mji hadi mji kama kikundi cha taarabu, leo Amsterdam, kesho Groningen, keshokutwa kwingine. Wazee walichoka vibaya. Capablanca siku ya kutimiza miaka 50 alikutanishwa na Alekhine, hasimu wake asiyepeana naye hata mkono, na akapoteza.

Keres alicheza michezo 14, akashinda 3, akatoka sare 11, hakupoteza hata mmoja. Ushindi ni pointi 1, sare nusu, kwa hiyo pointi 8.5. Reuben Fine wa Marekani naye alipata 8.5, ila kwa kuwa Keres alimfunga mmoja na kutoa sare mwingine walipokutana, Keres akahesabiwa wa kwanza. Watu walitarajia mshindi ndiye atakayepambana na Alekhine kugombea taji.

Weka hilo kichwani. Mwaka 1938 huyu mtu alikuwa wa kwanza mbele ya mabingwa wa dunia wa jana, wa leo na wa kesho.

Napumzika kidogo, naendelea usiku.

Mbishi wa Kijiweni

Naweka kambi hapa. Lakini mkuu, ushindi 3 na sare 11 ndiyo mwamba? Hiyo si timu ya kupaki basi?

Ngome_ya_H

Mbishi, kupaki basi mbele ya Alekhine na Botvinnik bila kufungwa hata goli moja, nami nakubali kupaki. Halafu yule Fine alianza kwa kupata pointi 5.5 katika michezo 6 ya kwanza, akaishia kufungwa mara 3. Mbio ndefu ni mbio ndefu.

Bi Farasi

Mkuu usipite haraka 1939. Timu za taifa zilikuwa Buenos Aires kwenye Olimpiadi ya sataranji vita ilipolipuka Ulaya. Wengi waligoma kurudi. Miguel Najdorf, Myahudi wa Poland, alibaki Argentina, na familia yake aliyoiacha nyumbani ikateketea yote. Mwaka 1947 huko São Paulo alicheza bila kuona ubao dhidi ya watu 45 kwa wakati mmoja, akashinda 39, sare 4, akapoteza 2. Alisema alifanya vile akitumaini habari itasambaa magazetini hadi ndugu yake yeyote aliyesalia aisome. Hakuna aliyejitokeza.

Estonia walikuwa wa tatu mwaka ule, Keres akiwa ubao wa kwanza, yaani mchezaji wao namba moja. Yeye akapanda meli akarudi kwao. Mimi naona uzi wako wote umelala hapo.

Ngome_ya_H

Bi Farasi umenitangulia. Ndiyo, alirudi. Kwao kulikuwa Estonia, ana miaka 23, na Estonia ilikuwa bado nchi huru.

Haikudumu. 1940 Usovieti ikaimeza Estonia. Keres akaamka asubuhi ni raia wa dola nyingine, akaanza kucheza mashindano yao. Mwaka 1941 yakaandaliwa mashindano ya watu sita kutafuta bingwa wa kweli wa Usovieti: Botvinnik 13.5, Keres 11, Smyslov 10. Wa pili. Hesabuni na mimi, hii namba mbili itarudi mpaka ituchoshe.

Miezi michache baadaye Wajerumani wakaivamia Estonia. Sasa yupo chini ya mkono mwingine, na huyo mkono nao unapenda sataranji. Akacheza Salzburg na Munich 1942, Prague 1943, kwenye mashindano yaliyoandaliwa na Wanazi, Alekhine akiwa wa kwanza na yeye wa pili, mara kwa mara. Salzburg 1943 ndipo walipolingana. Mtu aliyestahili kucheza na Alekhine mechi ya taji alikuwa anacheza naye kila baada ya miezi, na taji halipo mezani.

1944 Jeshi Jekundu linarudi. Keres akataka kukimbia nchi, akashindwa. Sasa fikiria: umecheza mashindano ya adui wakati wa vita, na wenye nchi wamerudi. Alihojiwa. Wapo waliopelekwa Siberia kwa makosa madogo kuliko hilo. Yeye hakupelekwa, ila kwa muda hakuitwa popote pa maana. Polepole wakamfungulia, na mwaka 1947 akashinda ubingwa wa Usovieti wenyewe. Akaushinda tena 1950 na 1951. Kwa hiyo msije mkasema hakujua kumaliza wa kwanza.

Saa Mbovu

Tiririka mkuu. Hapo 1948 ndipo nasubiri, maana hapo ndipo penye uvundo.

Ngome_ya_H

Twende 1948.

Machi 1946 Alekhine alikutwa amekufa chumbani kwenye hoteli Estoril, Ureno, akiwa bado bingwa. Kiti kikabaki kitupu, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Shirikisho la dunia, FIDE, likaita watu sita. Fine akakataa, wakabaki watano: Botvinnik, Smyslov, Keres, Reshevsky na Euwe. Kila mmoja acheze na mwenzake mara tano, yaani michezo 20 kwa kila mtu, kwanza The Hague, kisha Moscow.

Mwisho wa yote: Botvinnik 14, Smyslov 11, Keres na Reshevsky 10.5, Euwe 4. Botvinnik bingwa, na ushindi wake hauna hata harufu ya bahati, kawaacha wenzake kwa pointi tatu.

Sasa kiini cha ubishi. Keres dhidi ya Botvinnik: mchezo wa kwanza kafungwa. Wa pili kafungwa. Wa tatu kafungwa. Wa nne kafungwa. Wa tano, taji likiwa limeshapata mwenyewe, Keres kashinda.

Ndiyo maana watu wanasema aliambiwa aachie. Hati ya kuthibitisha amri kama hiyo haijawahi kuonekana. Na mimi nimekaa na hiyo michezo minne. Nimetafuta ile hatua ambayo unasema "hii mtu mwenye akili zake hachezi". Nilichoona ni mchezaji aliyelegea, anayechagua njia za woga ambazo kwa kawaida yake hachagui, anasukumwa taratibu mpaka ukutani. Kuachia kunaonekana hivyo? Labda. Woga nao unaonekana hivyo hivyo. Mtu ambaye miaka minne nyuma alikuwa anahojiwa, leo amekaa uso kwa uso na kipenzi cha dola, na mke na watoto wapo nyumbani kwenye nchi ya dola hiyo hiyo. Hapo mpaka uambiwe? Mbona hata bila kuambiwa mkono unakuwa mzito.

Kwa hiyo 1948 naiweka kwenye kapu la "alibanwa". Saa Mbovu umefurahi?

Saa Mbovu

Nusu. Wewe unasema woga, mimi nasema amri. Tofauti ya majina tu.

Mbishi wa Kijiweni

Si majina. Refa akihongwa na beki akiogopa mashabiki ni kesi mbili tofauti.

Kadi ya Posta

Naomba nichomekee la Bronstein 1951, maana wanaomlilia Keres humsahau huyu. Mechi ya taji, Moscow, michezo 24, Bronstein, Msovieti mwenye miaka 27, dhidi ya Botvinnik. Baada ya mchezo wa 22 kijana anaongoza 11.5 kwa 10.5. Alihitaji pointi moja tu katika michezo miwili. Akapoteza wa 23, wa 24 sare. 12 kwa 12, na kanuni inasema sare taji linabaki kwa bingwa. Botvinnik akafanya hivyo tena na Smyslov 1954, 12 kwa 12, taji kabatini.

Na kilichonitoa machozi si mchezo wa 23. Ni wa 6. Mwishoni kabisa, kete zimebaki za kuhesabu kwa vidole, sare ipo wazi: amtishe mfalme kwa farasi, basi. Bronstein akafikiri dakika 45. Arobaini na tano! Halafu akasogeza mfalme. Hatua moja baadaye mchezo umekwisha, askari wa Botvinnik hazuiliki tena. Ile nusu pointi aliyoitupa pale ndiyo ile ile iliyopungua mwisho wa mechi.

Ngome_ya_H

Kadi ya Posta, huyo Bronstein baba yake alikuwa amewahi kufungwa kambini na dola, kwa hiyo naye ana uzi wake mrefu. Mpaka uzeeni aliulizwa swali moja tu, kama aliambiwa apoteze, na alikuwa anajibu kwa mafumbo, ubaki hujui amesema ndiyo au hapana. Ila mfano wako unaungana na hoja yangu: dakika 45 za kufikiri hazikutoka Kremlin.

Zürich 1953. Hapa nitakaa, mniwie radhi.

Mashindano ya Wagombea, mshindi ndiye anayekwenda kucheza na Botvinnik. Yalianzia Neuhausen karibu na maporomoko ya mto Rhine, yakahamia Zürich. Watu 15, kila mtu mara mbili, michezo 210 kwa jumla, karibu miezi miwili. Wasovieti walikuwa 9 kati ya 15. Wenyewe kwa wenyewe wakiamua kupeana sare za kupumzika, mgeni kama Reshevsky anapumzikia wapi? Na Reshevsky huyu alikuwa Myahudi mshika dini, siku ya Sabato hachezi, ratiba inabidi imsubiri jua lizame.

Kabla ya Keres, lazima niwaonyeshe kitu kimoja hata kama hakihusu mada. Averbakh dhidi ya Kotov, Wasovieti wawili. Averbakh anacheza nyeupe, mfalme wake amejificha vizuri nyuma ya askari. Hatua ya 30, Kotov anachukua malkia wake na kula askari wa h3, hapo mbele ya mfalme. Malkia mzima kwa askari mmoja. Averbakh analazimika kumla, na kwa kumla mfalme ametoka nje ya nyumba. Anatishwa na ngome, anapanda. Anatishwa na farasi, anapanda tena mpaka f5, katikati ya jeshi la Kotov, kama mtu aliyetoka na taulo kiunoni mlango ukajifunga nyuma yake. Kotov hakuwa na mati ya haraka, yaani ile hatua ya kumnasa mfalme asiwe na pa kukimbilia. Alimzungusha pale kwa hatua ishirini zaidi, hatua ya 51 ndipo Averbakh aliposalimu amri. Mimi nikifika hapo huwa nasimama natembea chumbani.

Haya, Keres. Raundi ya 24, yupo bado kwenye mbio, anakutana na Smyslov anayeongoza, na nyeupe, zinazoanza, ziko mkononi mwake. Bronstein alipozeeka alisimulia kwamba wakubwa wa msafara wa Kisovieti walitaka Smyslov asisumbuliwe na wenzake, ili Reshevsky asipite. Tuchukue kuwa ni kweli. Keres alifanya nini? Alikuja kuua mtu.

Ngome yake moja ameipeleka e5, kisha h5, peke yake upande wa mfalme mweusi. Smyslov anasukuma askari g6: ngome ondoka au nakula. Keres haiondoi. Hatua ya 19 anaileta ngome ya pili h3, nyuma ya ile ya kwanza, na ya kwanza inabaki palepale mdomoni mwa askari. Kula.

Nimepanga hii nafasi ubaoni mara nyingi. Ukila, malkia wa Keres anaruka h5, anatazama h7 akiwa na ngome nyuma yake. Mfalme mweusi anahitaji njia ya kutokea. Inatisha hata kuitazama ukiwa na chai mkononi, sasa Smyslov alikuwa na saa inalia na ubingwa wa dunia mbele yake.

Smyslov alifikiri sana. Kisha akala askari. Siyo ngome! Askari wa c4, mbali huko upande wa pili. Hatua inaonekana ya kipuuzi, lakini imefungua mambo mawili kwa mpigo: mshazari wa askofu wake wa b7 unaomulika moja kwa moja nyumbani kwa Keres, na safu ya d kwa malkia wake. Keres anakula h7 kwa ngome. Smyslov anasukuma askari wake wa c mpaka c3, askofu wa Keres wa b2 akazibwa mdomo. Malkia mweusi anakula d4. Keres anamleta malkia h6, kazungukwa mfalme, kila mtu ukumbini anasubiri mati. Haipo. Imekosekana kwa upana wa kidole. Yule askari mdogo wa c anafika c2, ngome za Smyslov zinaingia, na hatua ya 28 Keres kasalimu amri.

Raundi ya 25 Smyslov akamfunga Reshevsky naye, biashara ikaisha. Smyslov 18. Bronstein, Keres na Reshevsky 16 kila mmoja.

Sasa Saa Mbovu niambie, hapa nani kamdhulumu Keres? Kama kweli aliambiwa acheze kistaarabu, alikataa. Alishambulia kwa moyo wote, na akapigwa na hatua moja tulivu ya mtu aliyekuwa na damu baridi kuliko yake. Mimi mchezo huu nampenda nao Keres kuliko mingi aliyoshinda.

Bi Farasi

Nimesoma mara mbili. Lakini hujajibu kitu. Kama aliwekewa shinikizo, akakaa ubaoni na hasira, je lile shambulio lilikuwa uamuzi wa mchezaji au wa mtu aliyekasirika?

Ngome_ya_H

Swali gumu. Kwenye kompyuta ile sadaka ya ngome ni sahihi ikiliwa. Hasira hazihesabu vizuri kiasi hicho. Lakini sare akiwa na nyeupe haikumtosha pale, na mtu asiyetaka sare huenda mbali kuliko nafasi inavyomruhusu. Labda ulichosema kina ukweli ndani yake. Nakuachia.

Mashindano ya Wagombea yaliyofuata napita haraka. Amsterdam 1956: Smyslov 11.5, Keres 10. Wa pili. Yugoslavia 1959, Bled, Zagreb na Belgrade, watu wanane mara nne nne: Tal 20, Keres 18.5. Wa pili, na safari hii inauma kwa namna yake, maana walipokutana wenyewe Keres alimfunga Tal 3 kwa 1! Aliyekuwa wa kwanza alifungwa na wa pili. Tofauti ni kwamba Tal aliwachinja wa chini bila huruma, Fischer kijana wa miaka 16 kapigwa 4 kwa 0. Keres aliwaachia pointi hapa na pale. (Ndiyo mashindano ambayo Benko alimkabili Tal na miwani ya jua akidai macho yake yanaroga watu. Tal naye akavaa miwani ya kuazima. Ukumbi mzima kicheko.)

Mbishi wa Kijiweni

Curaçao mkuu, Curaçao. Pale kuna upangaji wa matokeo mchana kweupe, utakataa na pale?

Ngome_ya_H

Sikatai. 1962, kisiwa cha Curaçao, Karibi, joto la Mei na Juni, watu wanane, michezo 28. Petrosian, Geller na Keres, wote wa timu ya Usovieti, walicheza wao kwa wao michezo 12. Matokeo: sare 12. Nyingi fupi, wanacheza kidogo, wanapeana mikono, wanakwenda kwenye bwawa la kuogelea wakati Fischer na Korchnoi wanatokwa jasho saa tano. Fischer alirudi Marekani akaandika gazetini kwamba Warusi wameuza mchezo, kelele zikawa kubwa, na FIDE ikaachana na mfumo ule, wagombea wakaanza kutoana kwa mechi za mtu na mtu.

Ila soma kwa makini: safari hii Keres alikuwa NDANI ya mpango. Hizo sare zilimfaidi na yeye, akiwa na miaka 46. Huwezi kumlilia kama mtu aliyedhulumiwa kwenye meza aliyokula.

Na tazama ilivyokwisha. Raundi ya 27 kati ya 28, Keres amekamatana na Petrosian, anakutana na Pal Benko. Benko alikuwa mteja wake, mtu ambaye Keres alizoea kumfunga. Mchezo ukaahirishwa, enzi zile hatua inaandikwa kwenye bahasha, inafungwa, mnaendelea kesho. Benko alisimulia baadaye kwamba usiku ule Petrosian na Geller walimfuata wakitaka kumsaidia kuchambua nafasi dhidi ya Keres, mwenzao wa bwawani, naye akawafukuza. Benko huyo huyo ndiye alimzaba kofi Fischer pale kisiwani wakigombea msaidizi, kwa hiyo mnaelewa ni mtu wa namna gani.

Benko akashinda. Raundi ya mwisho Petrosian akatoa sare ya haraka na Filip, Keres akashindwa kumfunga Fischer. Petrosian 17.5, Keres na Geller 17. Nusu pointi. Mwaka uliofuata Petrosian akamng'oa Botvinnik 12.5 kwa 9.5, na ile haki ya bingwa kudai mechi ya marudiano ilikuwa imeshafutwa. Wa pili wa Curaçao hakupata hata picha.

Saa Mbovu

Kwa hiyo hukumu yako ni nini? Maana unampa kwa mkono wa kulia unamnyang'anya kwa kushoto.

Ngome_ya_H

Hukumu: 1939 hadi 1948 aliibiwa, na mwizi alikuwa vita na dola mbili zilizopokezana nchi yake kama kiti cha daladala. Umri wa miaka 23 hadi 32, ndio umri wa kushinda taji. Kuanzia 1953 mlango ulifunguliwa mara nne, na mara nne alikosa kwa michezo ambayo naweza kuwaonyesha hatua kwa hatua. Hayo mawili yote ni kweli, na mimi nimechoka kusikia nusu ya kwanza tu. Ukimfanya mhanga mwanzo hadi mwisho unamnyima hata ile ngome ya h5.

Mwaka 1965 alitolewa na Spassky huko Riga, huo ukawa mwisho wa safari zake za taji. Amewafunga mabingwa wa dunia tisa, kuanzia Capablanca hadi Fischer. Alifariki Helsinki tarehe 5 Juni 1975, kwa moyo, akirudi kutoka Vancouver ambako alikuwa ametoka kushinda mashindano. Wa kwanza! Waestonia walimzika kama mfalme, na nchi ilipopata uhuru wake tena wakaiweka sura yake kwenye noti ya krooni 5.

Kadi ya Posta

Hapo kwenye "mara nne" 1956 umeipitisha bila kuonyesha mchezo. Unadaiwa.

Ngome_ya_H

Nadaiwa, kweli. Jumamosi.

Mbishi wa Kijiweni

Wakuu nimerudi. Jana nilipanga ile nafasi ya hatua ya 19 na shemeji yangu, yeye akachukua nyeupe, mimi nikawa Smyslov. Nikasema mimi siogopi, ngome ya bure ni ngome ya bure. Nikaila.

Malkia akaruka h5. Nikasogeza ngome yangu e8 ili mfalme apate pa kutokea, f8. Nikajiona mjanja. Shemeji akatulia, akasukuma askari wa pembeni kabisa, a4. Nikamcheka, nikamwambia vita iko huku wewe unalima huko. Halafu nikaona: anafungua a3 kwa askofu wake, na askofu akikaa a3 anaipiga f8. Mlango wangu wa kutokea ndio huo huo.

Nilikaa kama dakika ishirini. Chapati zikapoa. Bado sijasogeza, ubao uko vilevile juu ya kabati, nimewakataza watoto wasiuguse.